Kioo Cheusi, Picha Ipo

Wiki iliyopita kompyuta yangu ya mpakato iliwaka kama kawaida, feni ikazunguka na mlio wa kuanza ukasikika, lakini kioo kilibaki cheusi. Kabla ya kukubali bei ya kioo kipya niliyotajiwa na fundi, nilizima taa ya chumba na kukimulika kwa pembeni kwa tochi ya simu. Alama za programu zikaonekana kwa uhafifu, jambo lililothibitisha kwamba kioo kinachora picha na kilichozimika ni taa iliyo nyuma yake. Televisheni niliyoiunganisha kwa kebo ya HDMI nayo ilionyesha kila kitu.

Kompyuta za zamani zilitumia taa ya mrija mwembamba yenye kibadilishaji umeme chake, na mara nyingi hicho ndicho kilichoharibika. Nyingi za sasa hutumia LED, hivyo wa kushukiwa mapema ni kebo inayopita kwenye bawaba, au fyuzi ya taa iliyo kwenye bodi kuu. Nilichomoa betri kwanza, na hili nalisisitiza, kwa sababu kuchomeka kebo ya kioo huku umeme ukiwapo kunaweza kuiunguza fyuzi hiyo papo hapo. Kebo ilikuwa nzima. Fyuzi, ndogo kuliko punje ya mchele, haikupitisha umeme nilipoipima kwa mita. Fundi mwingine alihakikisha kwanza kwamba hakuna shoti kwenye njia ya taa, kisha akachomelea fyuzi nyingine ya ampea zilezile, na mwanga ukarudi kwa gharama ndogo mno kuliko ya kioo kipya.