Fomu ilisema sina ndugu Marekani

Septemba 2024 niliomba viza ya matembezi ya Marekani. Mdogo wangu wa kike alikuwa anahitimu uuguzi Minnesota mwezi wa 12, shule zikiwa zimefungwa, na mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Sikuwa na kisingizio cha kutokwenda.

Fomu ya maombi ya viza, DS-160, nilijaziwa stesheneri. Ni ndefu, na ukikaa dakika 20 bila kugusa kitu inakutoa. Kama hukuandika pembeni namba ya maombi, unaanza upya. Kijana wa pale ana vidole vyepesi, nikamwachia. Nikalipa dola 185, ambazo hazirudi hata ukinyimwa, nikapangiwa siku ya mahojiano ubalozini.

Zikiwa zimebaki siku tisa nikakaa kuisoma nakala yake yote, mstari kwa mstari. Panapoulizwa kama nina ndugu wa karibu Marekani, pamejazwa "Hapana". Asubuhi nikamfuata.

"Mwalimu, hapo nimekusaidia," akaniambia. "Wakijua una mdogo wako kule watasema unaenda kuzamia."

Mkononi nilikuwa na barua ya mwaliko, na sentensi yake ya kwanza ilisema mwandishi ni mdogo wangu wa damu.

Fomu ikishatumwa huwezi kuifuta na kurekebisha. Nilijaza nyingine mwenyewe, usiku, kwa simu, nikaingia kwenye akaunti ya miadi kubadilisha namba ya uthibitisho iendane na fomu mpya. Nililala saa nane.

Makaratasi mengine hayakunisumbua sana: barua ya mkuu wa shule ikitaja tarehe ya kufungua Januari, salary slip za miezi mitatu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA. Picha ndiyo ilinirudisha studio mara mbili, maana mpiga picha amezoea pasipoti saizi ya rangi ya bluu nyuma, wakati wao wanataka nyeupe, sentimita 5 kwa 5, bila miwani. Shemeji yangu akataka kuniingizia milioni nne kwenye akaunti "zionekane tu". Nilikataa. Taarifa ya benki ya miezi sita inaonyesha mshahara ukiingia na kuisha, halafu ghafla milioni nne wiki ya mahojiano? Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeuliza.

Mama naye akatoa sandukuni hati ya kimila ya shamba lake la Kilosa, imefungwa kwenye khanga. "Waonyeshe una pa kurudi." Jina ni lake, si langu, lakini nani atamkatalia mama? Nikaiweka kwenye bahasha pamoja na mengine.

Nilishuka Dar kwa treni ya SGR siku moja kabla, nikalala kwa shangazi Sinza. Simu niliiacha kwake, kwa sababu ubalozini huingii nayo. Nikakaguliwa, nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi, nikasubiri karibu saa mbili kwa dakika tatu za dirishani.

Afisa alikuwa anaangalia kompyuta yake, si bahasha yangu. Naenda kufanya nini? Nani analipa? Nina nani kule?

"Mdogo wangu, tumbo moja."

Akatazama kwenye skrini, akaandika kitu. Anasoma wapi? Nikamtajia chuo. Na mimi nafundisha nini? Hisabati na fizikia. Shule zinafungua lini? Nikamtajia tarehe, na mkono wangu tayari ulikuwa kwenye barua ya mkuu wa shule. Hakuiomba. Alibaki na pasipoti, akaniambia viza imekubaliwa.

Jioni ya kesho yake nikamrudishia Mama khanga yake ikiwa na fundo lilelile.

"Waliisoma?"

"Hawakuifungua, Mama."

Akaipokea, akaihesabu kurasa, akairudisha sandukuni.