Jeki ya porini: nilivyoipata baada ya kukwama njia ya Natron

Nilikuwa nimeipita Engaruka kama nusu saa, naelekea Engaresero kwenye Ziwa Natron, tairi la nyuma kulia likachanika ubavuni. Gari ni Land Cruiser ya watalii, siku hiyo limebeba wageni wanne, mahema, maji na chakula cha siku tatu. Njia ile anayeipita anaijua: vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga, na mawe yamejificha chini yake.

Nilitoa jeki ya tani 10. Niliinunua kwa imani kwamba tani zikizidi, na usalama unazidi. Haikuingia chini ya ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili. Tairi lilikuwa limelala kabisa, ekseli imeshuka, na jeki ya tani nyingi huwa ndefu hata ikiwa imefungwa. Nikachimba kwa beleshi mpaka ikaingia, nikaanza kupampu. Mkono unakuwa mzito, naona kabisa jeki inafanya kazi, lakini gari halipandi hata upana wa kidole. Kilichokuwa kinasogea ni jeki yenyewe, inazama kwenye majivu. Nikaweka jiwe bapa chini yake. Jiwe likapasuka vipande viwili, jeki ikalala, gari likashuka kwa kishindo. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa ameingiza mkono kule chini.

Baada ya saa nzima likatokea lori la mnadani. Dereva wake, mtu mzima, akashuka akachungulia.

"Kijana, chini umeweka nini?"

"Shikamoo mzee. Jiwe, limepasuka."

"Marahaba. Ngoja."

Akaleta kipande cha ubao wa mninga, kinene, kimeloa oili ya miaka. Tulipoweka jeki juu yake gari lilipanda bila kubishana.

Niliporudi Arusha nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kununua jeki ya kwanza. Nilitoa upepo wote kwenye tairi la nyuma, nikapima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi chini ya ekseli: sentimita 21. Nikajaza upepo, nikapima tena: 34. Tairi zangu ni 7.50R16, lako likiwa la saizi nyingine utapata namba zako. Namba hizo mbili ndizo nilizokwenda nazo dukani. Jeki lazima ipenye kwenye ile ya kwanza na ivuke ile ya pili, kwa sababu tairi zima unalolirudisha linahitaji nafasi kubwa kuliko lile lililolala.

Muuzaji alianza na tani, nami nikaomba kupima kimo. Gari langu likijaa halifiki tani tatu na nusu, na gurudumu moja la nyuma linabeba kama tani moja, au zaidi kidogo. Tani 4 zinatosha na kubaki. Nilichukua jeki ya mafuta ambayo bomba zake ni mbili, moja inatoka ndani ya nyingine: ikifungwa ina sentimita 17, ikifunguka yote inafika 38. Kisha nikaenda kwa seremala akanikatia mninga wa sentimita 40 kwa 40, unene 4, na katikati nikapigilia pete ya chuma ili kitako cha jeki kisiteleze. Jumlisha 17 na 4 uone inavyobana. Kwenye vumbi nachimba kidogo ubao ukae sawasawa, ndipo naweka jeki.

Hailifti, ile jeki ndefu ya chuma yenye matundu, niliinunua kwa ajili ya tope. Yangu ni ya inchi 48, na watengenezaji wake wa Marekani wanaipa uwezo wa kilo 2,113. Ndutu, kusini mwa Serengeti, mvua ikinyesha, udongo mweusi unalimeza gari mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inalala chini, na hapo jeki fupi huna pa kuiweka. Mara ya kwanza niliiweka kwenye bampa la nyuma, nikapandisha, nikapandisha, bodi ikawa juu na gurudumu bado limo topeni. Springi zilikuwa zinanyooka tu. Siku hizi nafunga ekseli kwenye chasisi, fremu ya chuma inayobeba bodi, kwa mkanda kabla ya kupandisha, hivyo bodi ikienda juu inakwenda na gurudumu. Gurudumu likitoka kwenye shimo, najaza mawe na matawi, nashusha, naondoka.

Lakini kama gari lako lina bampa la plastiki, au huna bomba imara la pembeni lililoshikwa kwenye chasisi, hailifti usiinunue. Haina pa kushika. Na wakati wa kushusha, mkono wake usiuachie hata sekunde moja, kwa kuwa uzito wa gari unaurusha juu na chini kwa nguvu ya kuvunja taya. Kichwa kikae mbali na njia yake. Msaidizi wangu simruhusu kuigusa kabla sijamfundisha gari likiwa kwenye sakafu ya gereji.

Jeki ya mfuko unaojazwa moshi wa ekzosi nimeijaribu ya rafiki yangu. Kwenye mchanga ni nzuri sana. Kwetu huku kuna miba ya migunga kila mahali, nikaiacha.

Kingine ni kabari za kuzuia gurudumu lisibingirike. Ukiwa na Land Rover 110, hendibreki yake inashika shafti ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye difu, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu la pili kuzunguka, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Mawe mawili makubwa, mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini, kabla hujagusa jeki. Land Cruiser yangu nayo naiwekea vilevile, na tairi la spea linalala chini ya chasisi, kisha lile bovu linachukua nafasi yake mpaka nati ya mwisho ikazwe, ili jeki ikiteleza gari lisishuke mpaka chini.

Hailifti naisugua kwa brashi na dizeli kila nikitoka topeni, maana pini zake zikijaa udongo hazirudi kwenye matundu. Jeki ya mafuta inasafiri ikiwa wima, imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Ikilala muda mrefu upepo unaingia kwenye mafuta, nayo inapampu bure. Ikikufanyia hivyo, legeza valvu ya kushushia, pampu mara kumi hivi, kaza, jaribu tena.