Maji kwenye buti ya gari, na mchawi niliyemtafuta wiki tatu

Ilianza na harufu. Ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo siku mbili, sasa iweke ndani ya gari iliyofungwa vioo na jua limepiga kutwa nzima. Mi nikajua tu mtoto kamwaga maziwa mahali, nikapulizia manukato, nikaning'iniza na kale kamti ka kunukia pale kwenye kioo, basi gari ikawa inanuka maua yaliyooza. Asubuhi nako vioo vina ukungu kwa ndani, cha nyuma ndo kimezidi, nafuta na kitambaa naondoka zangu, wala sijiulizi huo unyevu unatoka wapi.

Mpaka siku nikapata pancha. Nafungua buti, nanyanyua kapeti, natoa ule ubao wa chini, na tairi la spea limekaa ndani ya maji. Sisemi unyevunyevu, nasema dimbwi, lenye uchafu unaoelea. Jeki imeshika kutu, spana ya magurudumu imeshika kutu, na ile nati kubwa ya kushikilia spea imegoma kabisa kufunguka, nimehangaika nayo pale barabarani mpaka mikono inatoka malengelenge.

Sasa hapo ndo nikafanya ujinga wangu wa kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, haya, mi niliziba nyufa zote pamoja na zile ambazo hazikuwepo. Nilichukua silikoni, ile ya bei rahisi inayonuka kama siki, nikaipaka kuzunguka raba ya buti, nikaipaka kwenye kingo za taa, nikaipaka hadi chini kwenye vijitundu ambavyo nilikuja kugundua baadaye ni vya kutolea maji nje. Nikajipongeza. Mvua ilivyonyesha kesho yake dimbwi liko palepale, na safari hii maji mengine yamenasa kwenye mfereji wa raba kwa sababu nimeyazibia njia. Na ile harufu ya siki sio ya bure, ni asidi inatoka silikoni ikiwa inakauka, ikikutana na bati lisilo na rangi inaita kutu. Afu rangi haishiki juu yake. Nimekaa jioni mbili nzima naibandua na kucha na kijiti cha plastiki, nakuambia sitaki hata kuiona.

Kitu ambacho sikukielewa mwanzo ni kwamba mahali unapoona maji sio mahali yanapoingilia. Maji hufuata mkondo. Pale kwenye shimo la spea ndo bondeni, tone likiingilia kule juu karibu na paa linateleza kwenye kona ya bati, linapita nyuma ya plastiki, linafuata waya, linakuja kudondokea huku chini umbali wa mita nzima kutoka lilipoingilia. Kwa hiyo kukaa unalitazama dimbwi hakukusaidii chochote, lazima uvue buti nguo zote. Toa kapeti, toa ubao, toa plastiki za pembeni (zina klipu, nenda nazo taratibu, mi nimevunja mbili), toa na zile sponji za kuzuia kelele maana zenyewe zinanyonya maji na kuyatunza wiki nzima, unaweza ukawa umeshaziba panapovuja na bado ukaona maji ukadhani umeshindwa. Kausha bati mpaka likauke kabisa.

Kabla hujamwaga tone lolote angalia kwanza na tochi. Maji yakipita sehemu moja mara nyingi yanaacha alama, kamstari ka vumbi, kajia keupe, au mchirizi wa kutu. Mi nilikuwa nao upande wa kushoto, kamstari kanashuka kutoka karibu na taa ya nyuma, na mimi nikakapuuza kwa sababu kichwani nilishaamua tatizo ni raba.

Raba yenyewe inapimwa kirahisi. Chukua kipande cha karatasi, kibane kati ya raba na mlango wa buti, funga, kivute. Kikitoka na ukinzani wa kueleweka pako sawa, kikiteleza kama hakijashikwa na kitu basi hapo raba imelala au mlango haujakaa vizuri. Zunguka hivyohivyo kona zote. Wengine wanapaka chaki kwenye raba wanafunga na kufungua wanaangalia chaki imegusa wapi na imeruka wapi. Yangu ilipita mtihani kote, ile silikoni yote nilipaka kwa hasira tu.

Kilichofuata ni mpira wa maji na mdogo wangu. Nililaza viti vya nyuma, dogo akaingia kwenye buti kupitia mle ndani akiwa na tochi na tishu kavu, nikafunga. (Usimfungie mtu kwenye buti ambayo hana pa kutokea, na mtoto usimuingize kabisa.) Mi nikabaki nje na mpira. Maji yatiririke polepole kama mvua ya kawaida, usitumie ile mashine ya presha ya kuoshea magari, ile inasukuma maji hata mahali ambapo mvua isingefika milele, itakudanganya. Na unaanzia chini unapanda juu, sehemu moja dakika kadhaa ndo unahamia nyingine. Ukianzia kwenye paa maji yanashuka yanalowesha kila kitu, dogo atakuambia panavuja na hamtajua ni wapi.

Nimeanza kwenye bampa. Dakika ya tatu hivi nasikia "kaka, huku pembeni pameanza!" Kumbe nyuma ya bampa, magari mengi yana vidirisha vya plastiki vya kutolea hewa, vina ulimi wa raba unaofunguka kwenda nje tu. Kazi yake ni kupitisha hewa, ile inayopulizwa na feni lazima itokee mahali, na ukibamiza mlango hewa inatokea hapohapo, vikiziba milango inakuwa migumu kufunga na vioo vinashika ukungu. Changu cha kushoto ile sponji inayokizunguka ilishakuwa unga. Maji yalikuwa yanaingia lakini kidogo, matone ya kuhesabika, hayawezi kujaza lile dimbwi. Nikasema tuendelee.

Nikapanda kwenye taa ya nyuma, kushoto. Hapo dogo hakusema "pameanza", alipiga kelele. Kamchirizi kanashuka kama bomba lililofunguliwa nusu, kanafuata ukingo wa bati, kanapotelea kwenye shimo la spea. Nikazima maji, nikaingia ndani mwenyewe kuona. Taa ile inashikiliwa na nati tatu. Zipo mbili. Sasa nani alifungua ile taa mara ya mwisho? Mimi. Miezi kadhaa nyuma nilibadilisha balbu ya indiketa, giza limeshaingia, nati moja ikadondoka ikapotea na mimi nikasema mbili zinatosha. Taa ikakaa imeinama kidogo tu, kwa macho huoni, lakini gasketi, ile sponji ya kuzuia maji kati ya taa na bati, haikubanwa upande wa juu. Wiki tatu namtafuta mchawi na mchawi ndo mimi, na dogo hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Kurekebisha ndo kulikuwa kurahisi kuliko vyote. Nilitoa taa, nikafuta bati na spiriti mpaka likawa safi, gasketi ya zamani ilikuwa imelala bapa kama karatasi nikaitupa, nikazungusha utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ubani wa kutafuna. Naupenda kwa sababu haukauki ukawa mgumu, siku nikitaka kubadilisha balbu tena taa inatoka bila kupasua kitu. Nati tatu, mpya, nikazikaza kwa zamu kidogokidogo, maana ukiikaza moja mpaka mwisho taa inainama tena na plastiki yake inaweza kupasuka. Kidirisha cha hewa nilitoa bampa nikakifunga upya na butili kwenye fremu yake, ule ulimi wa raba nikauacha huru uendelee kupumua, usije ukaupaka gundi.

Kama kwako sio taa, zipo sehemu nyingine za kumwagia ukiwa unapanda: taa ya tatu ya breki, raba ya waya zinazoingia kwenye mlango wa buti, ule mpira unaopeleka maji ya waipa ya nyuma (ukichomoka unamwaga maji ndani hata wakati wa kiangazi), ukingo wa kioo, kitako cha antena, na ile mifereji ya paa ambayo silanti yake (ile gundi ya kuzibia viungo vya bati) inapasuka ikizeeka. Gari ikiwa na dirisha la juu kuna mirija ya kushusha maji yake, ikiziba yanamwagika ndani. Na gari iliyogongwa nyuma ikanyooshwa, anza na viungo vya bati, mara nyingi silanti haikurudishwa kote.

Kuna rafiki alinishauri nitoboe tu tundu chini ya spea maji yawe yanatoka yenyewe. Hapana. Maji yanakuwa bado yanaingia, yanapita bado kwenye waya na soketi, na magari mengine yana betri au vile visanduku vya umeme humohumo kwenye buti. Pia ukiwa na tundu chini hapo ujue moshi wa egzosi nao umeufungulia mlango.

Kutu ilikuwa ya juujuu, nikaipiga brashi ya waya, msasa, praima, rangi, basi. Kapeti ilichukua siku nne za jua kukauka na harufu ikaisha yenyewe. Ndo nikaelewa pia kwa nini baadhi ya mvua zilikuwa hazileti dimbwi: nikiegesha pua ya gari ikiwa juu maji ya kwenye bati yanakuja yote nyuma, nikiegesha pua chini yanaenda zake mbele. Ningekuwa makini kidogo ningeliona hilo wiki ya kwanza.

Mvua kubwa zimeshapiga tatu tangu hapo. Bado nina tishu nimezitandika kwenye shimo la spea, kila mvua ikikatika naenda kuzigusa, kavu. Ila ile nati ya spea bado haijakubali kufunguka, nimeipulizia mafuta ya kulegeza kutu jana usiku na nitaijaribu tena leo jioni.