Ndege ya Asubuhi Imekuwa ya Alasiri

Ujumbe wa simu uliingia usiku, watu tumeshakula. Juu kabisa shirika la ndege lilikuwa na furaha kuwatangazia wateja wake njia mpya, Mafia na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuanzia Julai. Sisi wa Tanga tulikuwa mstari wa mwisho: ndege ya Pemba na Unguja iliyokuwa ikiondoka saa 3 asubuhi, sasa itaondoka saa 9 na dakika 40 alasiri. Samahani kwa usumbufu utakaojitokeza.

Msafiri hasa alikuwa shangazi yangu. Mimi nilikuwa mbeba mabegi. Binti wa ndugu yetu anaolewa Unguja, mtaa wa Mwembetanga, nikaha Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na shangazi ndiye somo wake, yaani kungwi wa kumwandaa. Anayejua mambo yetu anajua somo hafiki pamoja na wageni wa pilau. Kwa ratiba ya zamani tungeondoka asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo, na kabla ya saa 5 tungekuwa tumeshapokewa, mwali bado yuko chumbani anamngoja mtu wake. Kwa ratiba mpya tungeingia jioni, kadhi keshakula halua keshaondoka.

Nikamtajia njia nyingine. Basi mpaka Dar es Salaam, Segera, Chalinze, kilomita kama 350, mchana mzima huo, kisha boti ya mwendo wa saa mbili hivi. Akanitazama tu. Julai ni kusi, na mkondo wa Unguja wakati wa kusi unawafahamu vizuri watu wenye matumbo kama yake. "Baba," akaniambia, "mimi nakwenda kumtia mwali manukato, siendi kufika nanuka matapishi."

Basi ikawa kusogeza safari mpaka Alhamisi. Kwenye ofisi ya wakala wakatudai tofauti ya nauli kwa sababu tumebadilisha tarehe. Shangazi hakupandisha sauti. Aliweka simu mezani, ujumbe uko wazi, akauliza: "Tarehe nimebadilisha mimi, au saa mmebadilisha nyinyi?" Yule dada akapiga simu mahali, akasikiliza, akakata, akatuandikia tiketi bila kuongeza senti. Nawaambia wenzangu mnaosafiri: ratiba ikibadilishwa na shirika lenyewe, msikubali kulipa haraka. Ulizeni kwanza.

Uwanja wa ndege wa Tanga hauchoshi miguu. Jengo dogo, viti vichache, mlangoni kila mtu anamsalimia kila mtu, na habari ya kupanua uwanja tumeisikia mara nyingi hata hatuiulizi tena. Ndege ni Cessna Caravan, injini moja, propela moja mbele, abiria kumi na wawili au kumi na watatu kwa kumhesabu yule anayekaa pembeni ya rubani. Ndege ya namna hii haibebi kwa kukisia. Wanapima mizigo, mwisho kilo 15, na siku ile walitupima na sisi wenyewe, mmoja mmoja, mkoba mkononi. Shangazi alipanda mzani, akamwambia kijana wa mapokezi, "Andika, usisome." Kijana akaandika, akafunga daftari kwa heshima zote.

Begi lake lilizidi. Lilikuwa na liwa, udi, chetezo cha udongo kilichoviringishwa ndani ya doti tatu za kanga, na chini kabisa, kumbe, mfuko wa machungwa ya Muheza. Chetezo hakitoki, liwa haitoki. Yakatoka machungwa. Akayagawa palepale ukumbini, kisu akaazima kwa mama wa chai. Wakayala Wapemba waliokuwa wanarudi Chake, wakayala vijana wawili waliovaa fulana za kazi, wanatoka Chongoleani kwenye mradi wa bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Hao vijana walikuwa wanakwenda Unguja kupumzika siku mbili. Wakatuambia zamani wakipata mapumziko mafupi walikuwa wanaondoka asubuhi na kuifaidi siku nzima. Sasa nusu ya siku ya kwanza wanaimalizia hapo uwanjani.

Saa 9 na dakika 40 ikafika, anga tupu. Saa 10 ikapita.

Kijana wa daftari ndiye aliyenifafanulia, na alifafanua vizuri kuliko ule ujumbe wa simu. "Ndege ni zilezile, kaka. Njia ndizo zimeongezeka." Ndege iliyokuwa inatuchukua saa 3, alfajiri sasa inaelekea kusini kuwapeleka watalii Hifadhi ya Nyerere, huko Rufiji. Julai mpaka Oktoba ni kiangazi, majani yamekauka, wanyama wanasogea mtoni, kambi zinajaa. Mgeni aliyeshuka Dar usiku au alfajiri kutoka Ulaya hataki kukaa mjini mpaka mchana, anataka ale chakula cha mchana kambini. Kwa hiyo ndege inakwenda kusini kwanza, inarudi Dar, inakwenda Unguja, Pemba, ndipo inavuka kuja kwetu, kisha inarudi nyuma kwa njia hiyohiyo. Kila kituo watu washuke, mabegi yashuke, wengine wapande, mafuta yaangaliwe. Mtalii mmoja akichelewa kambini kwa sababu aliona simba njiani, dakika zake zinapita kituo hadi kituo mpaka zinatufikia sisi, tulio mwisho wa njia, zimeshakuwa saa nzima. Ni daladala tu, ila hii haina konda wa kumpigia kelele.

Na jua nalo lina amri yake. Viwanja vidogo vingi havina taa za ndege kutua usiku, kwa hiyo ratiba yote ya ndege hizi inabanwa kati ya macheo na machweo, saa 12 mpaka saa 12. Ukiongeza kituo, saa haziongezeki. Lazima mtu asukumwe pembeni, na anayesukumwa ni yule ambaye viti vyake havijai. Hapo siwalaumu sana. Mtalii analipa kwa dola na anajaza ndege. Tanga kuna siku wanaondoka abiria watano.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao mezani kwao nahisi hauonekani. Abiria wa Tanga ni nani? Ni mgonjwa mwenye miadi Unguja au Dar, mfanyabiashara anayetaka kuona mzigo bandarini na kurudi, mtu wa msiba, mtu wa harusi. Wote hawa wanataka asubuhi. Ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, hauna tena ndege ya kuutimiza. Ukiwapa saa 10 jioni watapanda basi, viti vitazidi kuwa vitupu, na mwakani mtu atafungua takwimu aseme, mnaona, Tanga haina abiria. Watakuwa wamewafukuza wao, kisha wanauliza wamekwenda wapi.

Haikuwa hivi siku zote. Enzi za East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, Tanga ilikuwa kituo cha katikati kwenye njia ya pwani: Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Mkonge ndio ulioita ndege. Miaka ya mwanzo ya uhuru nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na mashamba makubwa yalikuwa huku kwetu. Shangazi anakumbuka mameneja wa mashamba wakishuka na kofia zao. Bei ya mkonge ilipoanguka, mameneja wakaondoka, na ndege nazo zikafuata. Sasa bomba la mafuta linaleta watu upya. Ndiyo maana nashangaa zaidi kwa nini wakati huu ndio umechaguliwa wa kutuondolea ndege ya asubuhi.

Ndege ilitua saa 10 na nusu na ushee. Rubani, kijana mwenye miwani, alishuka, akaangalia saa, akaangalia magharibi, akawauliza Wapemba wako wangapi. Nikaona nyuso zimebadilika. Mzee mmoja akasema polepole lakini kila mtu asikie, "Sisi tumekata ya Chake, mwanangu. Usitupitishe juu." Rubani akacheka, akasema atatua, ila watu wapande sasa hivi, na Pemba asione mtu anatafuta begi. Hajamaliza kusema, watu wameshajipanga.

Tukapaa kuelekea baharini. Chini bandari, kisiwa cha Toten katikati ya ghuba, kushoto Chongoleani ardhi nyekundu imefunguka. Dakika chache tu na mji umekwisha, uko juu ya mkondo wa Pemba. Huu si mkondo wa mchezo. Kuna mahali kina kinafika mita 800, na ni maji haya ya Tanga ambako wavuvi, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, walianza kuvua silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliwahi kuamini kuwa ametoweka tangu zama za dinosaria. Siku ile kusi lilikuwa limeamka, mkondo mzima mawimbi meupe, mashua moja ikipanda na kushuka. Ndege nayo ikachezeshwa kidogo. Shangazi alikuwa amekaza mkono kwenye kiti cha mbele, midomo inasoma, macho amefumba. Nilipomwambia tumeshavuka alifumbua jicho moja, akaona mikarafuu, akalifumba tena.

Pemba ukiwa juu ni kijani mpaka inachosha macho, vilima baada ya vilima, na uani kwenye nyumba unaona mikeka ya karafuu, mabaka ya hudhurungi. Tulitua, wenyewe wakashuka mbio kama walivyoagizwa, yule mzee akampa rubani mkono. Wakapanda watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Mlango ukafungwa. Nusu saa nyingine, jua likiwa kulia kwetu linateremka baharini, tukaingia Unguja karibu na maghrib. Njia yenyewe ya angani haikufika saa moja. Nyumbani tulitoka saa 7 mchana.

Harusi ilikwenda vizuri, nisiwachoshe. Mwali alinukia mpaka barabarani.

Siku ya kurudi, pale kaunta ya Unguja, shangazi alimuuliza bwana wa shirika kama hawawezi kuturudishia ile ya asubuhi hata siku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Ijumaa. Bwana yule alikuwa muungwana, akamweleza kwamba masika, Aprili na Mei, kambi nyingi za kusini hufungwa, ndege hupata nafasi, na huenda wakairudisha saa 3.

"Masika," shangazi akasema. "Mvua ikinyesha Tanga mpaka barabara hazionekani, ndiyo mnatupa ndege ya asubuhi."

"Ndiyo hali, mama."

"Basi niandikie Aprili. Nina mwali mwingine."

Bwana akacheka, akavuta kibodi, akamuuliza jina. Ratiba ya Aprili ilikuwa bado haijafunguliwa kwenye kompyuta. Akaliandika jina kwenye karatasi, na namba ya simu, akaibandika pembeni ya kioo chake, nasi tukaitwa kupimwa.