Amani ya taa kuzimwa

Mwanangu alinionyesha mchoro jana: tangi la sebuleni, mawe marefu kama milima, na samaki wote wameelekea upande mmoja kana kwamba wako kwenye foleni. Katikati amempaka mmoja rangi ya zambarau, mkia wa njano. Akaniuliza, "Baba, huyu alienda wapi?" Samaki huyo alipoondoka, mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Sikudhani anamkumbuka. Nikamwambia alihama, jambo ambalo ni kweli, ila limeruka siku 21.

Tangi langu la maji ya chumvi ni la mita 2.4 kwa sentimita 75 kwa 75. Kwa vipimo vya kioo ni lita 1,350. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe hayafiki 1,200. Hesabu hiyo ndiyo iliyonilevya. Ukishakuwa na maji mengi hivyo unaanza kuamini kwamba ugomvi wa samaki ni shida ya wenye matangi madogo.

Orodha ya samaki niliiandaa kwa miezi. Waliokataliwa walijikataa wenyewe. Balistoides conspicillum, yule kikande mweusi mwenye madoa makubwa meupe tumboni, hukua kufikia nusu mita, na meno yake yameumbwa kwa kuvunja kome na kaa. Ipo siku atayajaribu kwa jirani. Samaki-simba, Pterois, hagombani na yeyote, lakini kila kinachoenea kinywani mwake ni chakula, na kinywa kile hufunguka kuliko unavyodhania. Kitatange Pomacanthus imperator huuzwa akiwa mdogo, buluu iliyokolea yenye miviringo myeupe, mtu unamwona na kusahau kwamba atafika sentimita 40 na kwamba hudonoa matumbawe. Huyo nilimtazama kuliko wote kabla ya kumfuta.

Waliopita niliwapanga wapole kwanza, wakali mwisho, maana samaki aliyetangulia hujiona mwenye nyumba. Wakaingia Amphiprion ocellaris wawili. Wakafuata Pseudanthias squamipinnis watano, dume mmoja na majike wanne. Hao wasipolishwa angalau mara tatu kwa siku hukonda huku unawatazama, na dume akifa, jike mkubwa hubadilika kuwa dume, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia kununua mwingine. Chromis viridis walikuwa saba, kwa sababu husifiwa kuwa samaki wa kundi. Kundi likapungua mmoja mmoja hadi wakabaki watatu, bila mwizi kuonekana. (Kuhusu Chromis nitaandika siku nikiwa na hasira za kutosha.) Halafu Chelmon rostratus mmoja, ambaye sikumtoa karantini mpaka nilipomwona kwa macho yangu akila kamba walioyeyushwa kutoka kwenye barafu. Mwisho wakaja kangaja, samaki na si tunda: Paracanthurus hepatus, wa buluu, na Zebrasoma flavescens, wa manjano.

Kwa miezi minane nyumba ilitulia. Ndipo nikamtaka Zebrasoma xanthurum, wa zambarau.

Wafugaji wa samaki tuna jedwali la nani akae na nani, nalo linatumia rangi tatu: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni tahadhari. Zebrasoma kwa Zebrasoma palikuwa na njano. Mimi niliisoma kama kijani kilichofifia.

Kangaja hutazama umbo kwanza, rangi baadaye. Wa buluu alipokelewa bila kelele kwa sababu mwili wake ni yai refu, na mlo wake mwingi ni vijidudu vinavyoelea majini. Wa manjano na wa zambarau ni sahani moja iliyopakwa rangi mbili: mapezi yaleyale kama tanga, mdomo uleule mrefu wa kukwangua mwani, jiwe lilelile la malisho. Kwa mwenyeji, mgeni huyo ni yeye mwenyewe amebadilisha shati, amekuja kula kwake.

Upande wa afya sikukosea. Nilimkalisha karantini siku 30 kwenye tangi la lita 200 lenye vipande vya bomba la PVC vya kujifichia, bila jiwe hata moja, kwa sababu mawe hufyonza dawa ya shaba na kipimo chako kinakuwa cha kubahatisha. Kangaja hushikwa na ugonjwa wa madoa meupe upesi kuliko samaki wengi, na samaki anayefukuzwa kutwa nzima huushika upesi zaidi. Chumvi niliilinganisha pande zote mbili, 35 kwa elfu, na joto nyuzi 25.5. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, nikamhamisha kwa bakuli. Situmii wavu kwa kangaja: ule wembe ulioko kwenye shina la mkia hunasa nyuzi, na katika kuunasua unaumia wewe au anaumia yeye.

Akazama, akapita mbele ya mawe, akapata ufa. Hakuna aliyemgusa. Wa manjano alikuwa kwenye pango lake akiwa na rangi ya usiku, njano iliyofubaa na utepe mweupe ubavuni. Nikaenda kulala nimeridhika.

Taa zangu huwaka buluu kwanza, saa 2 asubuhi, ndipo nyeupe huongezeka taratibu kwa nusu saa. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo na kikombe mkononi. Kwenye ule mwanga wa buluu wa manjano alitoka pangoni akazunguka mawe kama kila siku, utepe wake mweupe ungali unaonekana. Kadiri mwanga ulivyopanda, utepe ukayeyuka. Njano ikajaa kuanzia kichwani kwenda mkiani. Ndipo wa zambarau akatoa kichwa kwenye ufa.

Hawakukimbizana mara moja, na hilo ndilo nililolitazama bila kulielewa. Wa manjano alisimama. Akainua mapezi yote, ya mgongoni na ya chini, mpaka akawa mkubwa karibu mara mbili, akageuka ubavu. Mgeni naye akainua yake. Wakawa bega kwa bega, vichwa vimeelekea pande tofauti, wakizunguka polepole kama mlango wa bawaba. Nilidhani wanajuana. Kumbe kila mmoja alikuwa ameuweka mkia wake mbele ya uso wa mwenzake. Nikauona wembe wa wa manjano umesimama, mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele. Mkia ukapigwa mara moja. Kwenye zambarau pakatokea mstari mwembamba kama wa kalamu, kuanzia nyuma ya jicho kwenda chini, kisha wa pili. Mgeni akapauka mwili mzima na kukimbilia juu kwenye kona ya maji yanayoshukia tangi la chini, akabaki pale amelala upande, mashavu yakipiga mbiombio. Wa manjano akarudi kwenye jiwe akaendelea kudonoa mwani.

Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Yaliyofuata ni kazi tu. Nilijaribu kioo cha kujitazamia, nikakibandika nje upande wa pili ili mwenyeji apigane na kivuli chake. Kilimshughulisha dakika 20. Katika tangi la ukubwa ule humkamati kangaja mwenye afya kwa kumfukuza, kwa hiyo nilizima pampu za mawimbi kabla hazijaonja hewa, nikavuta maji kwenye mapipa manne safi ya lita 200 mpaka yakabaki kama sentimita 30, nikatoa karibu nusu ya mawe na kuyatia kwenye mapipa hayohayo. Mawe yakikauka, bakteria wanaokula amonia hufa, na siku mbili baadaye unakuwa na shida ya pili. Aliyetolewa ni wa manjano. Ndivyo inavyoshauriwa: mkali aende karantini, mgeni abaki, mawe yarudishwe kwa mpangilio mwingine ili mwenyeji akirejea asikute ramani yake.

Zikapita siku 14. Majeraha ya wa zambarau yakafunga, akaanza kula nori, ule mwani mkavu, iliyobanwa kwenye kioo. Wa manjano nikamrudisha ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, kinachoning'inia humohumo ndani ya tangi, waonane bila kugusana. Siku ya kwanza wa zambarau alipiga plastiki kutoka nje mpaka nikaisikia nikiwa jikoni. Siku ya tano alipita bila kugeuka, nami nikafungua.

Siku 14 zilikuwa zimemtosha wa zambarau kuwa mwenye nyumba. Kufikia kesho yake wa manjano, mbabe wa miezi minane, alikuwa kwenye ileile kona ya juu, amepauka, pezi la mgongoni limechanika. Safari hii sikumwaga maji. Nikakigeuza kisanduku kuwa mtego, nori ndani na uzi kwenye mlango, na wa zambarau, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hamwogopi mtu, aliingia kabla ya jioni.

Kwa muda nilikuwa na maelezo mazuri ya mkasa huu. Nilisema Zebrasoma wawili hawakai pamoja, basi. Baadaye nikasema wangeingia siku moja wakiwa wadogo ingewezekana, au wakiwa watatu ili ukali ugawanyike. Siku nyingine husema wale wawili walikuwa na roho zao tu. Wa zambarau nilimpa rafiki mwenye tangi kubwa kuliko langu, naye kwake kulikuwa tayari na kangaja wa manjano, mkaazi wa miaka miwili. Nilimwonya. Akamtumbukiza mchana kweupe, taa zinawaka, bila kisanduku. Hadi leo wanakula jiwe moja.

Hayo nilimweleza mwanangu kwa ufupi. Akafikiri.

"Kwake wapo wawili?"

"Wawili."

"Wa manjano kama wetu?"

"Kama wetu."

"Sasa kwa nini hapa walipigana?"

Nikamwambia kwenye mchoro wake amesahau skima, ile mashine ya kusafisha maji. Akaenda kuichora.