Benki imeikataa sauti yangu

Jumanne nilipoteza shifti nzima kwa sababu ya simu moja. Mashine ilikuwa imemeza kadi yangu, nikapiga benki kuwaarifu. Nikataja jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, tarakimu zote walizozitaka. Kijana aliyepokea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani bwana, nahitaji kuzungumza na mwenye akaunti." Nikamwambia ndiye mimi. Akauliza mara ya pili, nikarudia. Akaifunga akaunti "kwa usalama wako" na kuniambia niende tawini na hati zangu. Kodi ya nyumba ilikuwa itoke kesho yake.

Kwetu Uganda ningeitwa ssebo, yaani bwana, kwenye simu, ningeumia, lakini pesa zangu ningepewa. Huku Manchester nimeitwa bwana na pesa zikazuiwa. Nilisimama kituo cha basi nikiwa na pauni mbili mfukoni na machozi.

Mimi ni mwanamke. Nilizaliwa nikaandikwa mvulana, kwenye nyumba za kambi ya jeshi, baba akiwa askari, na lugha ya kambini ikiwa Kiswahili. Ndiyo maana Kiswahili kilinifika kabla ya Luganda, jambo ambalo Kampala huwa linawashangaza watu. Kambi hiyo siitaji, wala soko ambalo mama anauza mukene, dagaa wa kwetu, kwa sababu yeye bado anaishi pale na mimi nimeshaondoka.

Wengi wanaoniuliza kuhusu sauti wanadhani dawa zitamaliza kila kitu. Dada zangu, sikilizeni. Homoni za kike hazipandishi sauti. Ukishabalehe, testosteroni inazinenepesha na kuzirefusha nyuzi za sauti, na zikishanenepa hazirudi zilivyokuwa. Kaka zetu wanaovuka kwenda upande ule ndio wanaosaidiwa na dawa hapo, maana testosteroni huwashusha sauti ndani ya miezi. Sisi tunabaki na mazoezi. Upasuaji upo, ila unagusa wembamba wa sauti tu, na baada yake bado unarudi kwenye mazoezi. Kwa hiyo unayemkabidhi koo lako ni mtu muhimu sana, na mimi nilikosea mara mbili kabla ya kupata.

Wa kwanza nilimpata mtandaoni. Pauni 25 kwa saa, na ahadi ya sauti mpya ndani ya siku 30. Hakuniuliza kama nimewahi kuumwa koo, hakuniuliza kazi yangu. Ilikuwa ni kubana tu: bana, panda, bana, panda. Wiki ya pili sauti ikakauka kabisa. Mimi nalea wazee, kazi ya kuongea usiku kucha. Kuna bibi mmoja pale, ana miaka 91 na macho yake yamekwisha, anatujua wote kwa sauti. Usiku ule nilipomsogezea chai akanishika mkono akauliza, "Wewe ni nani?" Mwaka mzima ameniita binti yangu, bila mtu kumwambia aniite hivyo, bila kuona nywele wala nguo. Sauti yangu nene ile ile ambayo benki inaikataa, yeye aliisikia akasema binti. Nami nikawa nimeiharibu kwa pauni 25.

Jambo ambalo ningetamani mtu aliniambie nilipofika: Uingereza yeyote anaweza kujiita mwalimu wa sauti. Lakini jina la mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha linalindwa na sheria. Lazima awe kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya, na rejista hiyo unaipekua mwenyewe kwenye simu bila malipo. Dakika mbili tu. Si kwamba walimu wa kuimba wote ni wabaya, wapo wanaolijua koo vizuri, ila kabla hujatoa senti jua unampa nani.

Basi nikaenda kwa wa pili. Huyu yuko kwenye rejista, vyeti vimejaa ukutani, pauni 70 kwa kipindi. Zidisha mwenyewe. Ni zaidi ya laki tatu za kwetu, kodi ya mwezi mzima ya muzigo, chumba cha kupanga, kwa dakika hamsini. Nilipokuwa bado nasubiri uamuzi wa ukimbizi, serikali ilinipa pauni 49 na peni 18 kwa wiki, na kazi sikuruhusiwa. Pauni 70 najua uzito wake.

Dakika kumi za kwanza akaniuliza nimefanyiwa upasuaji gani chini. Nimekuja na koo, yeye anauliza chini! Nikajibu kwa sababu nilidhani ni lazima. Si lazima. Mtu wa sauti hana haja na habari hiyo, na ukiulizwa una haki ya kumwambia hivyo.

Kisha akaanza na lafudhi. Akasema nina mkazo mwingi, wanawake hawasemi hivyo. Akataka nilainishe, nipunguze, nimalize sentensi juu kama ninayeuliza. Nilijaribu vipindi vitatu. Halafu usiku mmoja nikiwa nafanya mazoezi jikoni nikajisikiliza kwenye simu, na sikumjua yule mtu. Mama yangu anauza mukene. Akiita mteja, sauti yake inavuka barabara, inapita malori, inamfikia mtu upande wa pili. Shangazi zangu ni hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wao anayemaliza sentensi kama anayeomba ruhusa ya kusema, na hakuna aliyewahi kuwaambia si wanawake. Yule mtaalamu alikuwa ananifundisha kuwa mwanamke wa mtaa wake. Mimi nina wanawake wangu nyumbani.

Tena mazoezi yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kwenye Kiingereza sauti ikaanza kupanda. Mama akipiga, nikijibu "Habari za huko, mama," inaporomoka hadi kifuani, palepale ilipokuwa siku zote. Nikamweleza yule mtaalamu. Akasema ingejirekebisha yenyewe. Haikujirekebisha.

Wa tatu nilimpigia kabla ya kulipa, nikamuuliza maswali nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi. Umeshafanya kazi na wanawake kama mimi wangapi? Nikipata maumivu tunafanya nini? Rekodi zangu zinahifadhiwa wapi, na nani anazisikia? Naweza kufanya mazoezi kwa lugha yangu? Hilo la mwisho ndilo lililonionyesha mtu. Wa kwanza na wa pili sikuwahi kuwauliza. Huyu akajibu, "Hiyo lugha siijui, kwa hiyo utanifundisha wewe. Lete maneno unayoyasema kila siku." Akaongeza kwamba anakubali nusu saa kwa pauni 35, kila baada ya wiki mbili, kwa wasio na uwezo. Sikumwomba.

Kabla ya zoezi lolote alinipeleka kwa daktari wa koo, aliyepitisha kamera nyembamba puani kutazama kama yule wa kwanza hakuniachia jeraha. Nilikuwa salama. Ndipo tukapima. Sauti yangu ilikuwa inatetema mara 118 kwa sekunde. Wanawake wengi wako karibu 180 hadi 220, na katikati pale, kwenye 150 na kitu, masikio ya watu hubabaika. Lakini akanionya nisiifukuze namba. Kuna wanawake wenye sauti nene na hakuna anayewakosea. Sikio linasikiliza pia mvumo, yaani sauti inavumia wapi, kifuani au mdomoni, na kiimbo, inavyopanda na kushuka katika sentensi. Kiimbo kilituchukua muda, maana Luganda ni lugha ya toni: ukiipandisha silabi ovyo umesema neno jingine. Kiswahili hakina shida hiyo.

Kwa hiyo zoezi langu la asubuhi ni hili. Glasi ya maji, mrija, napuliza mapovu huku nikiguna taratibu, dakika tatu. Kisha midomo imefungwa, mmm, mpaka niisikie inawasha kwenye midomo na pua, mkono mmoja kifuani kuhakikisha huko kumetulia. Kisha naifungulia kwenye maneno: mmm-maji, mmm-moja, mmm-mama. Halafu yale ya i, kwa sababu i inausogeza ulimi mbele: mimi, hivi, siri, hizi. Alipoyasikia maneno haya alifurahi kweli, akasema Kiswahili kimejaa irabu zilizo wazi, kana kwamba kilitengenezwa kwa kazi hii. Koo likiuma naacha. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza na hana mchezo nayo.

Najua wengine mnaosoma mko Kampala, na mnauliza mbona haya yote yako mbali. Wataalamu wa usemi wapo kwetu, Makerere ilianza kuwasomesha mwaka 2008. Elimu ipo. Lakini tangu sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, atakayehesabiwa "anahamasisha" anaweza kufungwa hadi miaka 20, na mtaalamu mwenye watoto wa kulisha ataogopa kukufungulia mlango. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha kulazimisha watu kuripoti wenzao, Aprili 2024, na sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Basi mazoezi ya mrija fanyeni, hayana alama. Rekodi msiziweke kwenye simu. Na msimtumie mtu msiyemjua sauti yenu wala picha kwa sababu tu amesema anafundisha bure.

Kwa wanaojipanga kuja: ukipata daktari wa mtaa, omba siku hiyo hiyo akuandikie rufaa ya kliniki ya jinsia, kwa sababu foleni ni ya miaka. Huko tiba ya sauti haina malipo. Mimi bado nimo kwenye foleni, nikilipa pauni 35 zangu.

Benki wamenifungulia akaunti jana, baada ya kunikalisha saa mbili. Wamesema wataandika kwenye faili langu. Nimewaambia waandike pia jina la kijana yule apewe mafunzo, na sikulisema kwa sauti laini.

Bibi wangu amesharudi kunijua. Juzi aliuliza kama nimepata mchumba, eti nasikika nina furaha.

Alhamisi tunaanza kupaza sauti. Mtaalamu wangu amesema hilo ndilo gumu kuliko yote, sauti ikipazwa hukimbilia ilikozoea. Ameniambia nilete kitu ambacho watu wa kwetu hukiita kwa nguvu. Nimempigia mama, nikamwomba aniitie wateja kwenye simu, akacheka sana, akaita. "Mukene hapa! Mukene mkavu, njoo uonje!" Nimeisikiliza mara nyingi leo.