Jinsi ya kusoma jumba la tajiri katika mchoro wa Kiholanzi

Ukitaka kujua hadhi ya mwenye jumba katika mchoro wa Kiholanzi wa karne ya 17 au 18, tazama kwanza mchoraji alisimama wapi. Majumba ya mashambani kando ya mto Vecht, kati ya Utrecht na Amsterdam, mara nyingi yamechorwa kutoka mtoni au ng'ambo, kwa kuwa yalijengwa yakiuelekea mto. Mashua zilizokokotwa na farasi zilipita hapo zimejaa abiria, na mwenye jumba alitaka waone. Ndiyo maana lango na kibanda cha kunywea chai viko ukingoni kabisa. Kalamu hukaza hapo; mandhari ya nyuma huachiwa wino wa kijivu uliozimuliwa kwa maji.

Wengi wa wenye majumba hayo walikuwa watu wa biashara, si wa ukoo wa kikabaila. Joan Huydecoper, mfanyabiashara na meya wa Amsterdam, alijenga Goudestein huko Maarssen, kisha akanunua ubwana wa Maarsseveen, yaani haki ya kuitwa bwana wa eneo hilo. Mstari wa miti unaonyooka hadi mlangoni ulitangaza kwamba ardhi ile ina mwenyewe.

Rembrandt alifanya kinyume, na kwangu chapa yake ya mwaka 1651, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la shaba, inawapita wote. Inaonyesha Saxenburg, karibu na Haarlem, mali ya Christoffel Thijs, ambaye Rembrandt alikuwa bado anamdai… la, Thijs ndiye aliyemdai Rembrandt fedha za nyumba aliyoinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000, fedha ya Kiholanzi ya wakati huo. Jumba limezama mitini, dogo. Uwanda, vitambaa vilivyoanikwa vipate weupe na mbingu tupu ndivyo vimechukua karatasi. Kwa muda mrefu watu walidhani mali ile ni ya mtoza kodi aliyeitwa mpima dhahabu, na chapa ingali inaitwa kwa jina hilo.

Kuna mitego miwili. Bamba la shaba hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo ukiilinganisha chapa na ramani utapotea. Itazame kwenye kioo. Pili, weusi laini unaofanana na mahameli hutokana na kingo za shaba zilizoinuliwa na sindano ya kuchorea bamba. Kingo hizo husagika upesi chini ya mashine ya kuchapia, na nakala za baadaye hutoka zimepauka. Usiseme Rembrandt alitaka mwanga hafifu kabla hujaona nakala ya mwanzo.